Gede pana wenyewe: uzoefu wangu wa kurudi kwenye magofu niliyokatazwa utotoni

Nianze na maoni yangu kwa ajili ya mwenye haraka. Kama ulilelewa Pwani na ukaambiwa utotoni kwamba Gede pana wenyewe, rudi ukapaone ukiwa mtu mzima. Nenda alasiri, chukua mwongozaji, na usiandamane na mtu anayetazama saa kila dakika. Nimetembelea magofu kadhaa ya pwani yetu, na hakuna mahali ambapo pesa yangu ya kiingilio ilinirudishia mengi kama hapa.

Kwa wasiopajua: Gede ni mji wa mawe ulio ndani ya msitu, Kaunti ya Kilifi, kama kilomita 16 kusini mwa Malindi, njia ya kwenda Watamu. Ulistawi hasa karne ya 15, na mapema karne ya 17 wenyeji wake walikuwa wameshauhama. Miti ikaota sebuleni na misikitini. Ukuta wa nje unazunguka eneo la eka 45 hivi, na inakadiriwa watu wapatao 2,500 waliishi humo. Jambo linalowatatiza wanahistoria mpaka leo ni kwamba Wareno, waliofika Malindi mwaka 1498 na kuwa na makao pale mpaka walipohamia Mombasa mwaka 1593, hawakuuandika. Mji mkubwa kiasi hicho, mwendo wa saa chache tu kwa miguu, na hautajwi! Sishangai hata kidogo kwamba watu waliokuja kuishi karibu nao baadaye walijaza kimya hicho kwa mizimu.

Sisi tulikua na masharti. Nyanya yangu alikuwa na shamba la mikorosho na minazi si mbali na hapo, na likizo za shule tulipelekwa kwake. Kuni tuliruhusiwa kuokota mpaka mahali fulani, basi. Ukisikia jina lako linaitwa kutoka msituni, usiitikie mara ya kwanza wala ya pili. Usionyeshe ukuta kwa kidole. Na lililokuwa kubwa kuliko yote: usiokote kigae. Hata kipande kidogo cha bakuli chenye ua la buluu, ukikikuta njiani baada ya mvua, kiache hapo hapo. Watoto wenzetu wa kijijini walijua habari za mtu aliyeingia kutafuta mali akatoka hawezi kusema, na za sauti za watu wanaosali usiku mahali pasipo na mtu. Wengine walisema ni mizimu ya mashekhe wa mji huo, wanawalinda wenzao waliozikwa. Nyanya hakutueleza chochote kati ya hayo. Alitukataza tu, na uso wake ulitosha.

Nilikaa miaka mingi Nairobi kabla ya kupata moyo wa kwenda kwa hiari yangu. Mara hii nilikwenda na binti yangu, anayesoma kidato cha pili, na binamu yangu wa Malindi ambaye amepita pale maisha yake yote bila kuingia. Tulipanda matatu ya kuelekea Mombasa, tukashuka Gede sokoni, tukachukua tuktuk mpaka getini. Kiingilio nililipa kwa simu. Wageni wa nje hulipa zaidi ya sisi raia, na watoto hulipa pungufu, kwa hiyo angalia bei za sasa kabla hujaondoka nyumbani. Mwongozaji ni malipo ya pembeni. Usimwache. Bila yeye utaona kuta na miti. Ukiwa naye utaona jikoni, choo, chumba cha kuhifadhia mali na mahali mke alipokuwa akikaa akisikiliza habari za ukumbini.

Wetu alikuwa mzee wa hapo hapo Gede, mpole, asiye na pupa. Binti yangu alimuuliza moja kwa moja kama kuna mashetani.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa," akamjibu. "Zamani mama zetu hawakutuacha tupite hata nje ya ukuta. Siku hizi mabasi ya shule yanajaa. Lakini ikifika saa kumi na mbili jioni, mimi huyo, natoka."

Hakucheka aliposema hivyo, na sisi hatukucheka.

Njia inaanzia upande wa makaburi. La kwanza kuonyeshwa ni lile linaloitwa Kaburi la Tarehe, kwa sababu limechorwa mwaka: 802 wa Hijria, yaani 1399 wa Miladi. Nilisimama hapo muda mrefu. Utotoni tuliambiwa kuna "watu" humo ndani, na mimi niliwawazia hawana sura wala umri. Kumbe mmoja wao ana mwaka wa kufa, na walikuwepo watu waliompenda wakamlipa fundi aandike vizuri. Karibu yake kuna makaburi ya nguzo, ile namna ya kwetu ya kusimamisha mnara juu ya kaburi la mtu mwenye cheo. Moja lina nguzo iliyokatwa mifereji kuanzia chini hadi juu, na hata sasa, mvua ikiwa imelipiga kwa karne nyingi, mikono ya fundi bado inaonekana.

Msikiti Mkuu uko mbele kidogo. Paa halipo, nguzo zimebaki vipande, lakini kibla kimesimama, na pembeni unaona matundu ya duara mahali palipopachikwa mabakuli ya kauri ya Kichina kama pambo. Juu ya mlango mmoja pamechongwa ncha ya mkuki, pana, ya Kiafrika kabisa. Mzee alitusimamisha chini ya alama hiyo akasema tuitazame vizuri, kwa sababu wapo wageni wanaokuja wakiambiwa mji huu ulijengwa na watu kutoka ng'ambo. Ni mji wa Waswahili. Mawe ni ya matumbawe, chokaa imechomwa hapa hapa, boriti zilitoka kwenye mikoko ya Mida, ule mkono wa bahari ulio karibu. Vitu ndivyo vilivyotoka mbali: sahani za China, taa ya chuma ya India, ushanga wa Venice, mkasi wa Uhispania.

Nje ya msikiti kuna birika la kutawadha na kisima, na kisima hicho ndicho nilichokitazama kuliko chochote kingine siku ile. Ukiinama ukachungulia unaona kuta zake zimejengwa vizuri mpaka kiwango fulani, halafu chini yake pamechimbwa tena, kwa namna tofauti, kwenda chini zaidi. Maji yalikuwa yakiwakimbia. Watu walishuka kuyafuata, wakashuka tena, mpaka ikawa basi. Ni moja ya sababu zinazotolewa za kuhamwa kwa mji. Nyingine ni vita: Wazimba, kundi la wapiganaji kutoka kusini, waliopita pwani hii wakiangamiza mwaka 1589, kisha Waoromo waliosukuma kutoka kaskazini, na pia biashara kuhamia Mombasa pamoja na Wareno. Labda ni yote kwa pamoja. Mimi, nikiwa nimeshika ukingo wa kisima kile, niliamini maji kuliko mapanga. Adui unaweza kumsubiri aondoke. Kisima kikikauka, huna hila.

Binamu yangu alikuwa amenyamaza tangu getini. Hapo kisimani ndipo aliposema, "Dada, sasa naelewa kwa nini mama alikuwa akiomba dua tukipita hapa kwa gari." Hakuongeza neno.

Niseme sasa habari ya sauti, kwa sababu najua ndiyo inayowaleta wengi. Gede ina sauti. Upepo ukipita juu ya miti, huku chini majani hayatikisiki, kwa hiyo unasikia bahari ambayo huioni. Hondohondo wakilia, mlio wao ni kama wa mtoto anayelalamika. Kima wako kila mahali, wanaruka kutoka ukutani hadi mtini na kuangusha matawi makavu nyuma yako. Halafu kuna ile iliyonisimamisha nywele. Tulikuwa tumesimama kwenye kichochoro kati ya nyumba mbili, kimya, mzee ametangulia. Nyuma ya ukuta tukasikia miguu: hatua, hatua, zimesita. Halafu pa-pa-pa-pa, kwa haraka, kama mtu anapiga kiganja juu ya majani makavu. Binti yangu akanishika mkono. Mzee akarudi taratibu, akatuonyesha kwa kidevu. Sange. Mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na sehemu ya nyuma yenye rangi ya dhahabu inayong'aa kana kwamba imepakwa. Akishtuka hugonga ardhi namna ile kabla ya kutimka. Duniani kote sange wa aina hii yuko hasa kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke na vipande vya msitu vilivyo karibu nao, kama huu wa magofuni. Wazungu hulipa nauli ya ndege kuja kumwona. Sisi tulikuwa tukimkimbia tukidhani ni mzimu unatufuata.

Kwa hiyo nilipata jibu la hatua nilizozisikia nikiwa mtoto, siku ile tuliyothubutu kusogea mpaka ukutani. Sikupata jibu la kila kitu. Ndani ya jumba la mfalme, kwenye ua ulioshushwa chini kidogo ya usawa wa njia, nilihisi tunatazamwa. Sisemi kuna kilichotokea. Hakuna kivuli, hakuna baridi ya ghafla wala taa iliyozimika. Ni ile hali ya kuingia nyumba ya watu wakati wenyewe wako chumba cha ndani. Nilifurahi kusikia kutoka kwa mzee kwamba hata James Kirkman, Mwingereza aliyepachimba kuanzia mwaka 1948 kwa muda wa miaka kumi hivi, aliandika kwamba alipoanza kazi hapa alihisi kuna kitu au mtu anayemchungulia kutoka nyuma ya kuta, si kwa uadui wala kwa urafiki, bali kama anayengojea jambo analolijua litatokea. Yeye alikuwa mtu wa koleo na vipimo. Hakulelewa na nyanya wa Pwani.

Jumba lenyewe lisikupite. Ulizia vyumba vya kuhifadhia mali, ambavyo havina mlango: waliingia kwa ngazi kupitia tundu dogo lililo juu. Tazama matundu madogo kutani, mlimokuwa na vigingi vya kutundikia mazulia na vitambaa. Nenda kwenye nyumba zilizo pembeni, ambazo zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Kila nyumba ina choo chake ndani, chenye shimo na mahali pa kujitawazia, wakati ambapo miji mikubwa ya Ulaya ilikuwa ikimwaga uchafu njiani. Binti yangu alipiga picha za vyoo kuliko za msikiti, na sikumkataza. Mtu anayejua kwamba marehemu alikuwa na choo kizuri hawezi tena kumwogopa kama alivyomwogopa jana. Anamheshimu kwa namna nyingine.

Na hapa ndipo nilipomwelewa nyanya. Magofu haya yalionyeshwa kwa wageni wa Kizungu mwaka 1884, John Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar, alipopita. Yaliwekwa kwenye orodha ya mahali pa kihistoria mwaka 1927, na mwaka 1929 yakalindwa rasmi, kwa sababu watu wa nje walikuwa wameanza kubandua mabakuli ya Kichina kutani na kuondoka nayo. Yale matundu ya duara niliyoyaona msikitini ndiyo alama yao. Kwa miaka yote iliyotangulia hakukuwa na askari, geti wala risiti. Kulikuwa na wazee waliowaambia watoto pana wenyewe, usiokote kigae, usivunje jiwe, ondoka kabla ya magharibi. Mawe mazuri ya kujengea yalikuwa pale, mengi, bure, na watu wa vijiji vya jirani waliendelea kujenga kwa miti na udongo. Mwaka 2024 Gede iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na ninapenda kuamini kwamba sehemu ya heshima hiyo ni ya kina nyanya. Ningefurahi siku moja kusikia hilo likisemwa wazi kwa kila mgeni anayeingia, kabla hajaambiwa habari za mashetani za kumfurahisha.

Hofu hiyo inahitaji kushikwa kwa adabu. Kuna kampuni moja ya matembezi, sitaitaja, iliyowahi kunileta hapa na kikundi cha kazini. Dereva alitupa muda usiotosha hata kuzunguka jumba, na kijana wao akatumia nusu ya muda huo kujificha nyuma ya kuta na kuwashtua akina dada kwa kelele. Tulirudi kwenye gari tumecheka, hatukujua kitu. Haya ni makaburi. Kuna watu hapa wenye tarehe zao. Ukipewa ofa ya "Gede, Watamu na chakula cha mchana" kwa siku moja, uliza mtakaa magofuni kwa muda gani, na kama jibu ni chini ya muda wa saa mbili, njoo mwenyewe kwa matatu.

Wenzangu wameniuliza kama inafaa kuliko Jumba la Mtwana kule Mtwapa, au Mnarani pale Kilifi, nayo yakiwa na sifa zile zile za kuogopwa. Jumba la Mtwana lina msikiti ulio pembeni kabisa mwa bahari, na upepo wake ni mtamu. Ukitaka kukaa ukatafakari, nenda huko. Mnarani utapanda ngazi nyingi, utaona mkondo wa Kilifi kutoka juu na mibuyu mikubwa ajabu, na utamaliza upesi. Yote mawili ni mazuri, lakini yako wazi, jua linaingia kila pembe, na unajua bahari iko wapi. Gede imefungwa na msitu. Mizizi ya mikuyu imekumbatia kuta mpaka hujui ni ukuta unaoushika mti au ni mti unaoushika ukuta. Huko kwingine niliangalia historia. Hapa niliingia ndani yake, na nilimkuta humo mtoto niliyekuwa.

Mambo ya kujua kabla ya kwenda, nayaandika kama yanavyonijia. Vaa viatu vilivyofunika vidole, maana njia ina mizizi, na baada ya mvua chokaa ya kale inateleza. Mbu wapo, hasa kuanzia saa kumi. Usiwape kima chakula hata wakikuomba kwa macho. Wamezoea, na mmoja alimpora mtoto wa familia nyingine ndizi mkononi mbele yetu. Anza na makumbusho madogo yaliyo ndani ya uwanja, uone vyombo vyenyewe, ndipo uende kwenye nyumba walimovikuta. Sisi tulifanya hivyo na kila chumba kilikuwa na maana zaidi. Kwa mzee asiyeweza kutembea sana, msikiti, makaburi ya mwanzo na jumba viko karibu karibu, anaweza kuviona bila kuzunguka ukuta wote. Kuna mbuyu mkubwa wa kutazamwa, usiuruke.

Mradi wa Kipepeo uko hapo hapo, tangu mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, na wakishajifunga ganda kabla ya kugeuka vipepeo husafirishwa kwenda kwenye maonyesho ya vipepeo ng'ambo, hivyo familia zinapata pesa bila kukata mti. Utaingia kwenye banda la wavu ukazungukwa na vipepeo. Watoto wadogo wanaoogopa magofu, wapeleke huko kwanza watulie. Hapo pia ndipo pa kununua asali ya msituni.

Tulitoka mzee alipotoka, kabla ya saa kumi na mbili. Binamu yangu amekubali kumleta mama yake Idi ijayo, na ameshapiga simu kuuliza kama mzee yule atakuwa zamu.